Tangu moto wa Endarasha sipati usingizi, na mwanangu yuko bwenini

SWALI

Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Voi na nauza nguo sokoni. Mwanangu wa kwanza ana miaka 11, na mwezi huu wa Januari ameingia Gredi ya sita katika shule ya bweni iliyo mbali nasi, safari ya kama saa saba kwa basi. Tangu ule moto wa bweni la shule ya Endarasha wa Septemba 2024 sijakaa sawa. Shule zilipofungwa nilitulia kidogo, lakini nilipomrudisha tu, hofu ikanirudia kana kwamba moto ulitokea jana. Usiku kila mtu akilala, mimi nachukua simu natafuta video na habari za moto shuleni, hata za zamani, mpaka saa nane au saa tisa. Jirani akiwasha jiko la makaa, moyo unanienda mbio. Matroni nampigia hata mara nne kwa wiki, na sasa naona hapokei simu zangu. Wateja nawajibu vibaya. Juzi nilitaka kupanda basi la usiku nikamchukue mtoto. Mume wangu ananiambia nisali na niache simu, kwamba nalilia msiba usio wangu. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi: kuna wazazi waliozika, mimi mwanangu yu hai, nina haki gani ya kulia? Je, nimeugua akili? Nimtoe mtoto bwenini?

JIBU

Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na nitaanza na lile neno la mume wako kwamba unalilia msiba usio wako, kwa sababu naamini ndilo linalokuongezea mzigo juu ya mzigo. Mume wako amelisema kwa nia njema ya kukutuliza, lakini hapo sikubaliani naye. Sisi huku hatujazoea kuulizana udugu kwanza ndipo tulie. Mtoto wa jirani akifa maji, mtaa mzima huamka, na mama asiyemjua mfiwa hata kwa jina hujifunga leso akaenda kukaa naye. Usiku wa Septemba 5, 2024, moto ulizuka katika bweni la wavulana la shule ya msingi ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, watoto 21 wakapoteza maisha, na Rais akatangaza siku tatu za maombolezo ya kitaifa. Taifa lililoombwa kuomboleza ni pamoja na wewe. Una haki ya kulia, na machozi yako hayawapunguzii chochote wazazi waliozika.

Shida ninayoiona mimi iko katika namna msiba huu ulivyokufikia na namna ulivyokaa nao. Fikiria matanga yetu yanavyokwenda. Mfiwa hukalishwa mkekani na wanawake wenzake wakamzunguka. Mmoja anachambua mchele, mwingine anamenya vitunguu, mwingine amekaa tu amemshika mkono. Nje wanaume wanapanga viti na kupitisha daftari la michango. Yeyote aliyekuja hupata kazi ya mikono, hata ikiwa ni kuchota maji, na kazi ile humsaidia kuubeba uchungu aliokuja nao. Kisha, kwa siku ambazo dini na desturi ya wenyewe imeziweka, matanga huanuliwa. Vyombo huoshwa, mikeka hukunjwa, watu huagana. Mfiwa hubaki na uchungu wake, lakini jamii nzima imekubaliana kwamba kuanzia siku hiyo watu watalala, watapika kwao, na watafungua maduka yao.

Simu yako imekupeleka matangani, dada, ikakuketisha peke yako gizani. Hakuna mchele wa kuchambua wala mkono wa kushika, na hapana mtu atakayekuja kukuambia kwamba leo tunaanua. Kila ukiifungua saa saba za usiku, maiti huletwa upya uani. Ndiyo maana miezi imepita na wewe bado uko siku ya kwanza. Hili si dosari ya imani yako wala udhaifu wa moyo wako; mtu yeyote akikalishwa katika matanga ya namna hiyo atadhoofika.

Mwili nao una kanuni zake, na ni vizuri uzijue ili usijilaumu. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, wataalamu huiita amigdala, ambayo kazi yake ni kupiga king'ora kabla akili haijamaliza kufikiri. King'ora hicho hakisubiri ushahidi. Kikiona moto kwenye kioo cha simu na kusikia mama akipiga yowe langoni, huamuru moyo uende mbio, pumzi iwe fupi na misuli ikaze, kwa kuwa mwili unaandaliwa kukimbia au kupigana. Ungekuwa pale Endarasha ungekimbia, na mbio zile zingeitumia ile nguvu yote. Lakini wewe uko kitandani Voi, na nguvu haina pa kwenda, kwa hiyo hubaki mwilini, hufukuza usingizi, na asubuhi humtokea mteja aliyeuliza bei ya dera mara mbili. Harufu ya jiko la jirani nayo imeshaunganishwa na zile picha. Pua inapopata moshi, king'ora hulia kabla hujakumbuka kwamba ni jirani anapika chapati.

Jambo hili limepimwa. Baada ya mabomu yaliyolipuka kwenye mbio za marathoni mjini Boston, Marekani, mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha California waliwahoji watu zaidi ya 4,600. Waliona kwamba waliokaa wakifuatilia habari za tukio lile kwa saa sita au zaidi kwa siku katika juma lililofuata walikuwa na dalili kali zaidi za mfadhaiko kuliko hata watu waliokuwa mahali penyewe mabomu yalipolipuka. Napenda uukumbuke utafiti huu siku utakapoambiwa kwamba unajisingizia. Kutazama kunaumiza, na kutazama kwa kurudiarudia kunaumiza zaidi.

Kuna jambo jingine kuhusu video na jumbe hizo za usiku. Siku ya kwanza baada ya moto wa Endarasha ilitangazwa kwamba watoto wapatao 70 hawakuwa wamejulikana waliko. Idadi hiyo ilizunguka nchi nzima, na wengi wakaipokea kana kwamba ni idadi ya waliofariki, ingawa aliyeitangaza alitahadharisha kwamba si hivyo. Baadaye ilibainika kwamba watoto wengi kati yao walikuwa hai; wengine walikuwa wamejihifadhi kwa majirani wa shule, wengine wazazi wao walikuwa wamekwisha kuwachukua usiku uleule. Waliofariki walihitaji vipimo vya vinasaba ili watambuliwe, na hilo lilichukua muda. Habari ya saa za kwanza huwa na mashimo, na mashimo hayo ndiyo yanayojazwa na sauti zilizorekodiwa na mtu asiyejulikana, zikatumwa kutoka kundi hadi kundi. Wewe sasa unasoma mabaki ya saa zile za kwanza, miezi minne baadaye, kana kwamba ndiyo habari kamili.

Kwa hiyo jambo la kwanza nikuombalo ni kuyaanua matanga haya ya simu. Chagua siku, na iwe siku kweli yenye jina lake, labda Ijumaa au Jumapili. Siku hiyo, pamoja na mume wako au dada yako, washeni mshumaa au ombeni dua au sala kwa ajili ya watoto wale 21 na wazazi wao, kwa jinsi dini yenu inavyowaelekeza. Toeni sadaka kidogo kwa nia hiyo ikiwa mnacho. Kisha futa video zote ulizohifadhi. Wale wanaokutumia waambie kwa upole, "Ndugu yangu, kwa sasa usinitumie video za moto, likitokea jambo nieleze kwa maneno." Watu huelewa ukiwaambia waziwazi. Makundi yanayosambaza mambo hayo yanyamazishe. Simu ilale sebuleni, ichajiwe huko, na kama unaitegemea kwa kukuamsha, nunua saa ya mezani.

Usiku wa kwanza na wa pili utakuwa mgumu, nakuambia mapema. Mkono utaitafuta simu wenyewe. Ukiamka na moyo unakimbia, keti kitandani, weka nyayo sakafuni uisikie baridi ya saruji, vuta pumzi kwa kuhesabu hadi nne na uitoe polepole kwa kuhesabu hadi sita au saba, ukirudia kwa dakika tano hivi. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, mapigo ya moyo hupungua. Ni utaratibu wa mwili, haukuhitaji wewe uuamini ndipo ufanye kazi.

Wapo wataalamu wenzangu ambao wangekushauri uache habari kabisa. Mimi siwezi kukuambia hivyo. Wazazi wa Endarasha hawakustahili nchi inayogeuza uso kwa sababu inataka usingizi, na tena kelele za wananchi zina kazi yake: mwishoni mwa mwaka 2024 serikali ilifunga sehemu za bweni katika shule zaidi ya 300 za msingi baada ya ukaguzi kuonyesha kwamba hazikuwa salama. Hilo lisingefanyika kama sote tungezima redio. Jifunze tu kupokea habari kama mtu mzima anayepokea mgeni: kwa saa yake na kwa mlango wa mbele. Taarifa ya habari ya redio ya saa moja jioni inakutosha, au gazeti usome mchana ukiwa sokoni kati ya watu. Maandishi ni bora kuliko video, kwa maana maandishi hukuachia nafasi ya kutua na kufikiri, na huwezi kuyasikia yakipiga yowe.

Sasa nije kwenye hofu yenyewe. Kwetu husemwa kwamba mjumbe hauawi, na mimi huitazama hofu ya mzazi kama mjumbe. Mume wako anataka umfukuze. Wewe umemkaribisha, ukampa chumba, na hujamuuliza amekuja na ujumbe gani. Nimeusoma ujumbe wake katika barua yako kati ya mistari. Unauliza: je, moto ukizuka usiku katika bweni la mwanangu, atatoka? Swali hili ni la haki, ni la akili timamu, na lina majibu. Majibu hayo hayapatikani kwenye simu saa nane za usiku. Yako shuleni, mchana, mlangoni pa bweni.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uzito. Mwaka 2001, kabla sijasomea saikolojia, nilikuwa mwalimu mchanga katika shule moja ya wasichana ya bweni hapa Pwani. Kila siku saa tatu na nusu za usiku nilikuwa nikilifunga bweni kwa nje kwa kufuli kubwa la shaba, kisha ufunguo nikautundika shingoni kwa uzi wa kiatu na kwenda kulala nyumba ya walimu, upande wa pili wa uwanja. Tulidhani tunawalinda wasichana. Na hiyo ilikuwa miaka mitatu tu baada ya moto wa Bombolulu, papa hapa Pwani, uliowaua wasichana 26. Usiku wa kuamkia Machi 26 mwaka huo wa 2001, wanafunzi 67 waliteketea katika bweni la shule ya upili ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Asubuhi tuliposikia habari redioni, tukiwa chumba cha walimu na vikombe vya chai mikononi, niliushika ule ufunguo kifuani nikahisi unanichoma. Nilichelewa kuuelewa ujumbe, lakini siku ile niliuelewa. Kabla ya mwisho wa wiki fundi aliletwa kukata vyuma vya madirisha, na ufunguo ule sikuuvaa tena.

Kwa hivyo usiogope kuonekana mzazi msumbufu. Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni mwaka 2008, na unasema mambo ambayo mzazi yeyote anaweza kuyakagua kwa macho yake. Milango ya bweni iwe na upana wa futi 5 angalau na ifunguke kwa nje. Kuwe na mlango kila upande, na mwingine wa dharura katikati, ulioandikwa waziwazi. Madirisha yasiwe na vyuma na yawe rahisi kufunguka. Kati ya kitanda na kitanda kuwe na nafasi isiyopungua mita 1.2, na njia ya kupita iwe na mita 2. Vizimamoto viwepo karibu na kila mlango wa kutokea, na viwe vinafanya kazi. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji uwe mhandisi. Utepe wa kupimia nguo unao tayari kwenye meza yako ya sokoni.

Zaidi ya majengo, waulize watu. Usiku mlango unafungwa na nani, kwa ndani au kwa nje, na ufunguo unalala wapi? Ni mtu mzima gani analala karibu na watoto kiasi cha kusikia wakiita? Mara ya mwisho watoto kufanyishwa zoezi la kujiokoa ilikuwa lini? Moto ukizuka, watoto wanakutanika wapi, na nani ana orodha ya majina ya kuwahesabia? Swali hili la mwisho usilipuuze. Ile hesabu ya watoto 70 wasiojulikana waliko ilitokana na watoto kuondoka kwenda kila upande usiku pasipo mtu wa kuandika nani ameondoka na nani, na wazazi wakakaa langoni saa nyingi wasijue wamwamini nani.

Namna ya kuuliza pia ina maana. Simu nne kwa wiki zimemchosha matroni, na naelewa pande zote mbili: wewe ulikuwa ukiomba utulizwe, yeye hakuwa na la kukupa isipokuwa "mtoto hajambo", neno ambalo lilikutuliza kwa nusu saa tu. Mpigie mara moja zaidi, umwombe radhi kwa usumbufu, umweleze kwamba habari za moto zilikutikisa, na mkubaliane siku moja kwa wiki ya kumjulia mtoto hali. Maswali ya usalama mpelekee mwalimu mkuu, na usiende peke yako. Watafute wazazi wawili au watatu wenye watoto bweni hilo, mwakilishi wa wazazi wa darasa akiwemo, muandike maswali yenu kwenye karatasi na kuomba majibu. Mwalimu mkuu huweza kumwona mzazi mmoja kuwa mwoga, lakini wazazi watano walioketi mbele yake na karatasi ni jambo la kupelekwa mbele ya bodi ya shule. Halafu, dada, utakuwa umepata kile ambacho simu haikukupa: wenzako wa kukaa nao mkekani na kazi ya kufanya.

Kuhusu lile basi la usiku nataka kuwa mkali kidogo, uniwie radhi. Unaishi kando ya barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, na naamini umeshuhudia mwenyewe yanayotokea huko usiku, malori yakipitana gizani. Barabara za Kenya huua watu zaidi ya 4,000 kila mwaka. Ajali za kila siku zimekuwa za kawaida machoni petu, hutajwa kwa sentensi mbili kisha zikasahauliwa, ilhali moto wa bweni hutangazwa kwa wiki nzima. Basi moyo hupima hatari kwa ukubwa wa habari. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Wamarekani wengi waliogopa ndege wakasafiri kwa magari, na vifo vya barabarani vikaongezeka katika miezi iliyofuata. Waliikimbia hatari iliyotangazwa wakaingia katika ile isiyotangazwa. Huo ndio mtego wa basi la usiku. Ukitaka kwenda kumwona mwanao, nenda mchana, ukiwa umelala na kula.

Umeniuliza kama umtoe bwenini. Siwezi kuamua kwa niaba yenu, kwa kuwa sijui ni nini kilichowafanya mmpeleke mbali, na mara nyingi sababu hizo ni nzito: ada, kazi, ubora wa shule, au nyumba yenye chumba kimoja. Ninachoweza kukuambia ni maoni yangu kwa uwazi. Kama utakuta kufuli la nje, vyuma madirishani, vitanda vilivyobanana, na mkuu anayekasirikia maswali, mtoe. Usisubiri muhula uishe, na usione haya kwamba watu watasema umeshindwa na hofu. Kama utakuta milango inafunguka, watoto wanajua pa kukimbilia na wakuu wanajibu kwa heshima, basi mwache mwanao asome, na ujue kwamba chembe ya hofu itabaki, kama inavyobaki kwa kila mzazi ambaye mtoto wake amelala chini ya paa la mtu mwingine. Jambo moja tu nakusihi: uamuzi huo usifanyike usiku. Ufanyike mchana, mkiwa wawili, baada ya kuona kwa macho.

Mwanao naye usimsahau katika haya yote. Mtoto wa miaka 11 ameshasikia. Watoto wa bweni husimuliana mambo haya taa zikizimwa, na huenda anayaogopa kuliko unavyodhani, ila anaficha asikuongezee wasiwasi. Usimhoji kwa sauti inayotetemeka. Muulize kama unavyomuuliza habari za masomo: kitanda chako kiko wapi, mlango gani uko karibu nawe, mkiambiwa mtoke mnakusanyika wapi? Kisha mfundishe mambo matatu, asiongezewe mengine: moshi ukijaa, ainame na kutambaa chini kwa kuwa hewa safi hubaki chini, akitoka asirudi kufuata sanduku wala viatu, na akiona mtu anaficha petroli au anazungumza juu ya kuchoma bweni, amwambie mtu mzima anayemwamini, au apige 116, nambari ya bure ya kusaidia watoto. Mtoto anayejua la kufanya hulala vizuri kuliko mtoto aliyeambiwa tu asiogope.

Nirudi kidogo kwa mume wako. Ameshauri usali, na mimi sina neno dhidi ya sala. Nimewaona wengi waliosimama kwa sala pale ambapo ushauri wangu uliishia njiani. Lakini nashuku kwamba naye anaogopa, na kwamba "acha simu" ni njia yake ya kusema hajui afanye nini akikuona unalia. Wanaume wetu wengi walifundishwa kuwa hofu husemwa kwa amri. Usibishane naye kuhusu nani ana imani zaidi. Mpe kazi: apige hesabu ya nauli, aongee na wazazi wanaume wa darasa hilo, aende nawe shuleni akaupime mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Mwisho, umeuliza kama umeugua akili. Ulivyojieleza, una mfadhaiko ulioletwa na kutazama mambo mazito kupita kiasi, ukiwa na mtoto mbali, na watu wengi wazima wa akili wangekuwa kama wewe. Hata hivyo sitaki ukae na hali hii kwa kutegemea barua yangu peke yake, kwa kuwa imekwisha kupita miezi minne. Ikiwa baada ya wiki tatu au nne za kufanya haya bado hulali, ndoto zinakurudia, unakwepa kupika kwa sababu ya moshi, au kazi imekushinda, nenda hospitali ya kaunti umwombe mshauri nasaha. Nenda kama mtu anayekwenda kupimwa presha. Kabla ya siku hiyo, usiku ukikushinda, Msalaba Mwekundu wa Kenya una nambari ya bure, 1199, ambako utampata mtu wa kuzungumza naye. Na kama itakujia fikra ya kujidhuru, usisubiri wiki tatu wala siku tatu. Mwamshe mume wako usiku huohuo.

Siku ya kuwatembelea wanafunzi ikifika, nendeni wote wawili kwa basi la asubuhi. Najua utakuwa umebeba pilau na kuku kwenye kikapu, na mtoto atakuwa ameshaanza kukitazama kabla hujamkumbatia. Ombeni ruhusa ya kuingia bwenini kabla ya kula. Mwambie akuonyeshe kitanda chake, ukae juu yake, umwache akuongoze kutoka hapo hadi mlango wa karibu huku mkihesabu hatua kwa sauti, na ukifika, sukuma mlango mwenyewe uone kama unafunguka. Kisha tokeni nje mkale.